Kazi iko pale kontena linapofunguliwa

Kila Dongo Kundu inapotajwa redioni, shangazi yangu wa Mtongwe hunipigia simu. Hata salamu hazimalizi. "Mwanangu, wameanza kuandika watu?" Ana mjukuu aliyemaliza kidato cha nne, kijana mwenye nguvu na adabu zake, ambaye mpaka sasa anaendesha tuktuk ya mtu. Huniuliza mimi kwa sababu nafanya kleringi, yaani kuwatolea watu mizigo forodhani, na kwake yeye mtu wa kleringi anajua kila kinachoingia na kutoka Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, kuanzia mchele wa Pakistani hadi siri za wakubwa. Siri za wakubwa sizijui. Lakini swali lake nalichukua kwa uzito, maana nimekaa kwenye semina za hotelini, zenye maji ya chupa na mabango ya "eneo maalumu la kiuchumi", na huko huulizwa hekta ngapi, dola ngapi, miaka mingapi ya msamaha wa kodi. Swali la shangazi sijalisikia: watu wataandikwa wafanye nini hasa?

Kwa wasiokuwa wa huku, nieleze kwanza mahali penyewe. Ukisimama Kipevu, penye kituo kipya cha makontena, ukatazama kusini ng'ambo ya maji ya Port Reitz, unaona mikoko, halafu ardhi inayopanda taratibu. Huko ndiko Dongo Kundu, upande wa Likoni. Ardhi iliyotengwa ni kama ekari 3,000, na iko chini ya Mamlaka ya Bandari. Mpango, unaosaidiwa na Wajapani kupitia JICA, shirika lao la misaada ya maendeleo, ni kuweka huko viwanda, magodauni, eneo la biashara huru na gati lake lenyewe, ili mzigo ushuke hapo hapo bila kuzungushwa mjini. Zamani mtu wa Likoni akitaka kufika Miritini alikuwa hana budi apande feri, akate kisiwa chote, atokee Makupa. Tangu mwaka 2024 barabara ya kilomita 17.5 inaunganisha pande hizo mbili, ikipita juu ya daraja la Mwache na lile refu la Mteza, mita 1,440. Wenye hoteli za Diani wamefurahi, mgeni anashuka treni Miritini na kufika ufukweni bila kuiona feri. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine. Lori la kontena sasa linaweza kutoka bandarini likaingia Kwale bila kuomba nafasi kwenye feri wala kuzunguka Kinango.

Kwa hiyo bandari iko, ardhi iko, barabara ipo. Kazi je?

Baba yangu alikuwa kuli. Alibeba magunia ya kahawa, ya saruji, ya sukari, na akistaafu bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto. Enzi zake meli moja ilikaa gatini siku kadhaa na kulisha mamia ya watu: wabebaji, wahesabuji, washona magunia, mama wa uji, mwenye baiskeli ya mandazi. Mwaka 2024 bandari ya Mombasa ilihudumia zaidi ya tani milioni 41, na makontena yakavuka milioni mbili kwa hesabu ya futi ishirini. Mzigo wa namna hiyo baba hakuwahi kuuota. Lakini kontena halibebwi begani. Linashikwa na krini, linawekwa juu ya trela au behewa, na kazi yote imechukua dakika chache na watu wa kuhesabika. Siyalilii magunia, bega la baba nililiona. Nasema tu kwamba bandari yenyewe, hata ikikua mara mbili, haiwezi tena kuajiri mji.

Kazi imehamia pale kontena linapofunguliwa. Hapo ndipo anapohitajika mtu wa kukata sili, vibarua wa kupakua, karani wa kuhesabu, afisa wa forodha wa kukagua, dereva wa forklifti, wa kupanga godauni, wa kubandika lebo, fundi wa kurekebisha mapaleti (yale majukwaa ya mbao ya kupangia mzigo), mlinzi, mwenye lori dogo la kusambaza, na mama wa chapati wa kuwalisha hao wote. Kontena likipita Mombasa limefungwa, likavishwa sili ya kielektroniki ya kufuatiliwa mpaka Malaba, sisi tunabaki na ada ya bandari, mshahara wa dereva na bei ya dizeli. Na sehemu kubwa ya mzigo wetu wa transiti, yaani wa kupita tu kwenda nchi jirani, ni wa Uganda, unapita hivyo hivyo umefungwa. Haki yao, ni mzigo wao.

Ushahidi tuliupata bila kuutaka. Agosti 2019 ilitoka amri kwamba mizigo yote ya kutoka nje inayokwenda Nairobi na bara ipande SGR, reli yetu mpya. Makontena yakawa yanafunguliwa Embakasi kule Nairobi, na mwaka uliofuata ya nchi jirani yakaelekezwa Naivasha. Tazameni jambo hili vizuri: meli hazikupungua. Krini zilifanya kazi vilevile. Ukisoma takwimu za bandari za mwaka ule huoni msiba wowote. Lakini ungeshuka Changamwe, ukapita Miritini, Mazeras mpaka Mariakani, ungeukuta. Magereji yamefungwa, maduka ya matairi yamefungwa, gesti za madereva zinapangishwa chumba kwa mwezi kwa yeyote, na yadi za makontena zimeota majani. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikazifuta amri zile, na Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi bandarini. Wanaonihubiria kwamba bandari kubwa ni maendeleo ya mkoa, huwakumbusha mwaka ule. Bandari ilikuwa kubwa vilevile, na mji ukalala njaa.

Ndiyo maana mie si mpinzani wa maeneo maalumu, kinyume na wanavyodhani baadhi ya jamaa zangu wa Likoni. Eneo la viwanda kando ya bandari, ukilivua maneno yake makubwa, ni mahali pa kulifungulia kontena karibu na meli, ukafanya kitu na kilichomo, ukajaza kontena jingine. Ubishi wangu uko kwenye hicho "kitu", na kwenye swali la nani analijaza hilo la pili.

Tena si jambo geni kwetu. Kenya ina sheria ya EPZ, yaani maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje, tangu 1990, na upande wa Changamwe, Jomvu na Mazeras viwanda vya nguo vimekuwepo muda mrefu, hasa baada ya Marekani kupitisha sheria yao ya AGOA mwaka 2000 na kuruhusu nguo zetu kuingia kwao bila ushuru. Kazi ya viwanda hivyo naijua kwa karatasi. Kontena la kitambaa linafika kutoka Asia, linatoka bandarini chini ya bondi, yaani kwa dhamana, bila kulipa ushuru, linafunguliwa kiwandani. Kina mama, maana wengi wao ni wanawake, wanashona suruali za jinzi kwa mistari: huyu mfuko tu, yule zipu tu, mwingine mkanda tu, kutwa nzima. Suruali zinaingia kontena jingine, linarudi Kilindini, linakwenda Marekani. Safi kabisa. Maelfu ya familia za Mombasa zimesomesha watoto kwa kazi hiyo na sitamruhusu mtu aidharau mbele yangu.

Lakini uliza zipu imetoka wapi. Nje. Vifungo? Nje. Uzi, lebo, hata mifuko ya nailoni ya kukunjia, mara nyingi nje. Kitambaa chenyewe ni cha nje kwa sababu AGOA ilituruhusu kutumia cha popote, na ilikuwa rahisi. Lamu wanalima pamba. Sijawahi kushika karatasi hata moja ya pamba ya Lamu ikiingia kiwanda cha jinzi cha Mombasa. Kwa hiyo kinachovuka uzio kuja upande wetu ni mshahara, umeme uliolipiwa na nauli ya matatu. Si kidogo, ila ndiyo hivyo tu, na siku mteja wa Marekani akikohoa, mtaa mzima wa Mikindani unapata homa.

Sasa linganisheni na chai. Hapa ninapenda kukaa kidogo, kwa sababu watu wa Mombasa wenyewe hawaioni. Mnada wa chai ulihamia mji huu kutoka Nairobi mwaka 1969, na hauuzi chai ya Kenya peke yake. Inakuja ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania, Kongo, Malawi. Hatuna shamba hata moja la chai Pwani nzima, joto hili lingeukausha mche kabla ya mvua ya pili. Hata hivyo ukipita Shimanzi asubuhi, kabla moshi wa malori haujatawala, unasikia harufu yake. Magodauni kwa magodauni. Ndani yake mna waonjaji, wachanganyaji, wapimaji, vibarua wa kupanga magunia ya karatasi, makarani wa madalali, mabenki, bima, kampuni za ukaguzi, wenye malori wanaoshusha kutoka Kericho na Kigali, na sisi wa kleringi tunaopeleka Karachi, kwa maana Pakistani ndiye mnunuzi mkubwa kuliko wote. Hakuna aliyewapa hao wote uzio, hakuna aliyekata utepe. Kilichowaleta ni kwamba mzigo wa nchi nyingi unakusanyika mahali pamoja, unafunguliwa, unachanganywa, unafungwa upya, na meli iko jirani. Kama kuna eneo maalumu la kiuchumi lililofanikiwa Mombasa ni hilo, na limefanikiwa kwa sababu linajazwa kutoka bara. Kasoro yake moja ni kwamba chai yetu nyingi bado inaondoka kwenye magunia makubwa, ikapate jina na pakiti nzuri ng'ambo. Hiyo pakiti ndiyo ningependa kuiona Dongo Kundu kabla ya kiwanda kingine chochote.

Mfano wa tatu uko mlangoni pa shangazi yangu. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi mwisho wa 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga mzito kule Kwale, ikausafirisha kwa malori mpaka Likoni, ikaupakia melini kwenye gati lake. Ndani ya mchanga ule mna madini yanayotengenezewa unga mweupe unaoipa rangi ya nyumba weupe wake. Viwanda vya rangi vya Kenya huagiza unga huo kutoka nje, unaingia Kilindini ukiwa ndani ya kontena. Yaani madini yalitoka upande huu wa maji, na unga ukashukia upande ule. Najua kwamba kuyageuza madini hayo kunataka umeme mwingi na tindikali kali, si jambo la kufanya uani. Na mgodi ulilipa kodi, ulijenga shule, uliajiri watu. Ila bandari ilikuwepo, madini yalikuwepo, na katikati hapakuwa na pa kuyasimamisha. Sasa mgodi umekwisha.

Mtu mmoja aliwahi kuniambia kwamba mambo haya hayawezekani Afrika. Nikamwonyesha Tangier. Wamoroko walifungua bandari ya Tanger Med mwaka 2007, mahali ambapo palikuwa na vilima na wavuvi, ikitazamana na Hispania. Wangeweza kuridhika na kazi ya kuhamisha makontena kutoka meli kubwa kwenda ndogo, ambayo ina pesa lakini haina watu. Hawakuridhika. Februari 2012 kiwanda cha magari cha Renault kilifunguliwa Melloussa, kiasi cha kilomita thelathini kutoka bandarini, chenye uwezo wa kufikia magari 400,000 kwa mwaka, na treni inayobeba magari kutoka kiwandani moja kwa moja hadi melini. Lakini sehemu inayonivutia zaidi si kiwanda. Kabla hakijafunguliwa, walikuwa wameshajenga chuo cha ufundi wa magari, wakaandaa vijana. Halafu wakatenga eneo jingine kwa wauza vipuri, na wenye kutengeneza viti, nyaya na vioo wakahamia karibu, kwa sababu kiwanda kikitaka viti asubuhi hakiwezi kungoja meli ya mwezi ujao. Mwaka 2024 bandari ile ilipita makontena milioni kumi. Hawakuyapata yote kwa sababu ya magari, mengi bado ni ya kuhamishwa tu, lakini mkoa ule ulioachwa nyuma enzi za mfalme aliyepita sasa watu wanahamia kutafuta kazi.

Wachina wana hesabu yao ya zamani zaidi, Shekou, mwaka 1979, ng'ambo tu ya Hong Kong: gati, viwanda, kisha mji. Kampuni iliyoanzisha Shekou, China Merchants, ndiyo hiyo hiyo iliyokuja Bagamoyo mwaka 2013 na ahadi ya mambo yale yale. Jiwe la msingi likawekwa 2015, na mwaka 2019 hayati Magufuli akasema masharti yake hayakubaliki. Sitaingia kwenye ubishi wa Watanzania, wanaujua wenyewe. Ninachokitazama kwao sasa ni Kwala, kule Kibaha, ambako Rais Samia alizindua bandari kavu Julai 2025, kando ya reli yao mpya, na viwanja vimetengewa nchi jirani, Burundi, Rwanda, Kongo, Zambia na wengine, huku eneo la viwanda likiwa pembeni. Wenzangu wa kleringi hapa wanaichukulia kama habari ya mbali. Si ya mbali. Mfanyabiashara wa Kigali ana njia mbili za kufika baharini, na atapita penye karatasi chache na umeme usiokatika.

Na kwa atakayeniambia "jenga bandari, viwanda vitakuja vyenyewe", aende Lamu. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, sasa yako matatu, na kina chake cha mita 17.5 kinaweza kupokea meli ambazo nchi nyingi zinatamani. Miaka ya mwanzo meli ilikuwa ikifika inapigwa picha. Barabara ya kwenda Garissa ilikuwa bado, kiwanda hapana, na mzigo ulioshuka ulikuwa wa kupelekwa kwingine. Wavuvi wa Lamu walikuwa wamekwenda mahakamani kabla hata gati halijaisha, na mwaka 2018 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.76, watu wapatao 4,600. Watu walipoteza maji yao ya kuvulia kabla hawajaona kazi ya bandari.

Hilo linanirudisha kwenye uzio, na hapa ndipo elimu yangu ya kila siku inapoingia. Nchini Kenya, mwekezaji wa eneo maalumu, kwa sheria ya 2015, hutozwa kodi ya faida ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa kumi inayofuata, na vitu vyake vinaingia bila ushuru. Vyema. Lakini kwa macho ya forodha, ndani ya uzio ni kama nchi nyingine. Bidhaa ya mle ikitoka kuja kuuzwa Changamwe, imeagizwa kutoka nje, inalipiwa ushuru. Na bidhaa ya Changamwe ikiingia mle, imesafirishwa nje ya nchi. Kisheria ina mantiki: muuzaji wa huku anapata nafuu ya VAT kama yeyote anayeuza bidhaa nje ya nchi. Kimaisha, ina maana kwamba mtu wa Mazeras anayetaka kuuza mapaleti mia moja ng'ambo ya ukuta anaouona kwa macho yake anajaza makaratasi sawa na anayepeleka Dubai. Atanihitaji mimi. Mimi nitamtoza. Kwa hiyo naandika haya kinyume na maslahi yangu, mlizingatie hilo.

Matokeo yake ni kwamba mwekezaji anaona heri aagize mapaleti, makatoni na hata sare za wafanyakazi kwenye kontena lake mwenyewe, yaje pamoja na malighafi. Hakuna mtu mbaya hapo. Kila mmoja anafuata karatasi rahisi. Lakini ndivyo eneo linavyokuwa kisiwa chenye mlango mmoja tu, ule wa bandarini, na watu wa Kwale na Likoni wakabaki kuuza chapati getini. Ningekuwa na sauti, ningeomba jambo moja dogo kabla ya mabango: dawati la forodha kwenye lango la upande wa Kwale, lenye fomu moja fupi kwa muuzaji mdogo wa nchini, asajiliwe mara moja kwa mwaka na baada ya hapo apite na risiti. Si mapinduzi. Msimamizi mmoja mwenye nia anaweza kuliandika kwa wiki.

Maji nayo. Mombasa haina chemchemi ya maana, tunanyweshwa na Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale, na bado mifereji yetu inakauka siku tatu kwa wiki. Kiwanda cha kusindika matunda au samaki kinakunywa maji kuliko mtaa. Bwawa la Mwache linajengwa, na mimi nikiambiwa tarehe ya kiwanda fulani Dongo Kundu huwa nauliza kwanza tarehe ya bwawa. Na watu wa Mbuta na vijiji jirani, waliokuwa wakiishi na kulima mle, habari zao zimekuwa za orodha za fidia, nani yumo na nani ameachwa. Kijana aliyelipwa fidia akanunua pikipiki na kijana aliyepewa ufundi hawatakuwa mahali pamoja baada ya miaka mitano, na ningependa pesa ya fidia iende sambamba na nafasi za mafunzo zilizotengwa kwa majina ya familia hizo hizo.

Kwa hiyo, shangazi, jibu lako ni hili. Wataandika, lakini si kwa mabega. Mjukuu wako tuktuk asiiache bado, ila apate cheti cha forklifti, au cha ufundi wa majokofu, maana kila anayesindika chakula ana vyumba vya baridi na mafundi wake huku Pwani ni wachache mno. Kama anapenda kukaa ofisini, kuna ile kozi ya vyeti ya forodha na usafirishaji ya Afrika Mashariki ambayo sisi wa kleringi huipitia. Aje nimwonyeshe vitabu. Asiende kwa yeyote anayeuza fomu za kazi za Dongo Kundu kwenye kibanda cha M-Pesa. Mzazi mwenzio wa jirani ameshanunua mbili, nimesikia.

Kuna mteja wangu mmoja Mazeras, huyo wa mapaleti niliyemtaja. Anatumia mbao za mkaratusi, na mara nyingine za mwembe, na mpaka sasa anawauzia wenye magodauni ya Changamwe. Wiki hii alikuja ofisini na daftari. Amesikia kwamba paleti likitoka nje ya nchi na mzigo lazima mbao zake ziwe zimepashwa moto hadi nyuzi 56 katikati ya ubao kwa dakika 30, ili wadudu wafe, kisha zigongwe muhuri. Ni kweli, ndiyo kanuni ya kimataifa, na asiye na muhuri huo hawezi kumuuzia kiwanda chochote cha eneo maalumu, kiwe cha nguo, cha dawa au cha kuunganisha pikipiki. Ameshapiga hesabu ya tanuri la aina mbili, dogo na kubwa, na anataka kujua mie naonaje. Nimemuuliza kama kiwanda chochote kimemwandikia oda. Bado. Basi tumekubaliana aanze na lile dogo, alijenge mahali pa kuweza kuongezwa, na fomu ya kuomba muhuri tunaijaza Alhamisi.